Tanga hadi Toledo: kilomita ngapi, saa ngapi, na unafika lini?

Mpwa wangu alipopata nafasi ya kusoma Toledo, jimbo la Ohio, Marekani, mama yake aliniuliza swali moja tu: huko ni mbali kiasi gani? Swali nikalipeleka barazani, pale Ngamiani tunapokunywa kahawa baada ya alasiri, nikarudi nyumbani na majibu sita.

Kijana wa kwanza alichomoa simu akasema 6,660. Wa pili, kwa simu yake, akapata 8,110. Wa tatu 7,050. Wa nne 13,050. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi melini akaweka kikombe chini akasema namba za kwenye simu ni za watoto, Marekani ni siku mbili. Na mpwa wangu mwenyewe, mwenye tiketi mkononi, akasoma: naondoka Dar Jumapili saa sita kasoro dakika tano usiku, nashuka Detroit Jumatatu saa tisa na dakika ishirini na tano alasiri. Akahesabu kwa vidole. Saa kumi na tano na nusu.

Kati ya hao sita, aliyekosea kabisa ni wa kwanza peke yake. Simu yake ilimpeleka Toledo ya Hispania, mji ulioipa jina ile ya Ohio. Kutoka Tanga hadi Toledo ya Hispania ni kilomita 6,660 hivi, lakini siko tunakokwenda. Toledo yetu iko kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Erie, mahali Mto Maumee unapoingia ziwani, na ni mji dada na Tanga. Wamarekani huiita mji wa vioo kwa sababu ya viwanda vyake.

Wa pili, wa tatu na wa nne walikuwa wakitaja umbali uleule. Kilomita 13,050 ni sawa na maili 8,110 za nchi kavu, na ni sawa na maili 7,050 za baharini. Maili ya nchi kavu ina kilomita 1.609, ya baharini ina kilomita 1.852. Marubani wanatumia ya baharini, kama manahodha, kwa kuwa imepimwa kutoka kwenye dunia yenyewe: ukigawa safari ya kutoka ikweta hadi ncha ya kaskazini katika digrii 90, na kila digrii katika sehemu 60, sehemu moja ndiyo maili moja ya baharini. Kwa hiyo ukiona mahali popote umbali wa ndege umeandikwa "maili", usikimbilie kuzidisha kabla hujajua ni maili ipi.

Waliobaki, mzee na mpwa wangu, walikuwa wanajibu maswali mengine kabisa. Tutawafikia.

Uzi juu ya chungwa

Hizo kilomita 13,050 zinapimwaje, na hakuna barabara? Chukua chungwa la Muheza. Weka alama ya kalamu upande mmoja, Tanga, chini kidogo ya mstari wa katikati. Weka nyingine karibu upande wa pili, juu, Toledo. Sasa vuta uzi kutoka alama moja hadi nyingine mpaka ukaze. Uzi uliokazwa hutafuta wenyewe njia fupi kuliko zote, na njia hiyo, ukiendelea nayo, italizunguka chungwa zima na kulikata katikati nusu kwa nusu. Wataalamu huiita duara kubwa. Programu za simu zinafanya hesabu ya uzi huo, basi.

Shida huanza tukirudi kwenye ramani ya ukutani. Tangu Mercator alipochora ramani yake mwaka 1569, tumezoea dunia iliyobanduliwa maganda na kulazwa bapa. Ukiweka rula kwenye ramani hiyo kutoka Tanga hadi Toledo, mstari unakwenda magharibi, kaskazini kidogo: unapita Kongo, Kamerun, Nigeria, Burkina Faso, Mali, unatokea baharini kwenye pwani ya Mauritania, kisha Atlantiki yote mpaka Marekani. Unaonekana umenyooka kama kamba ya tanga. Lakini ukiufuata huo utasafiri karibu kilomita 13,530, yaani zaidi ya uzi kwa kilomita 480 hivi.

Uzi wenyewe unashika njia ambayo hakuna hata mmoja barazani aliyeikubali mara ya kwanza. Unatoka Tanga ukielekea kaskazini-magharibi hasa, jirani na milima ya Usambara. Unaingia Kenya, unakata Uganda, unapita Sudan Kusini, Chad, Niger, unavuka jangwa la Algeria, na unaliacha bara la Afrika Morocco. Juu ya Atlantiki unapinda kama upinde hadi digrii 45 kaskazini, unagusa Nova Scotia huko Kanada, halafu unaanza kuteremka kuelekea Ohio. Yaani unapanda kaskazini kuliko Toledo yenyewe kisha unashuka. Kwenye ramani bapa unaonekana mzunguko wa mtu aliyepotea, na kwenye chungwa ndio mnyofu.

Mzee wa melini hakusadiki. Nikamuuliza: watu wa Toledo wanaswali wakielekea wapi?

Hapa Tanga kibla ni karibu kaskazini kabisa. Makka iko longitudo ya takriban digrii 39.8 mashariki, na sisi tuko 39.1, hivyo tumekaa karibu kwenye mstari mmoja, kilomita 2,950 kati yetu. Ndiyo maana katika Kiswahili cha pwani kibla lilikuwa pia jina la upande wa kaskazini. Lakini Toledo iko kaskazini ya Makka, tena mbali. Mtu akitazama ramani ya ukutani atasema wao waelekee kusini-mashariki. Sivyo. Waislamu wengi wa Amerika Kaskazini, pamoja na wanaoswali katika msikiti mkubwa wa Perrysburg, nje kidogo ya Toledo, huelekea kaskazini-mashariki, kwa sababu huko ndiko uzi unakoanzia. Ni suala lililowahi kuleta mabishano Marekani, na sababu ya mabishano ni ileile ya barazani kwetu: ramani bapa dhidi ya chungwa. Mzee akanyamaza, akaomba kashata.

Ndege haifuati uzi

Basi tuna umbali. Ndege kubwa za abiria zikiwa juu hukimbia takriban kilomita 900 kwa saa. Gawanya 13,050 kwa 900, unapata saa kumi na nne na nusu. Mpwa wangu alifurahi sana kuona hesabu inakaribia ile yake ya saa kumi na tano na nusu. Nilisikitika kumvunja moyo, maana namba hizo mbili zimekutana kwa bahati tu.

Kwanza, ndege ya kutoka Tanga moja kwa moja hadi Toledo haipo. Si kwamba haiwezekani. Kuna safari ya kila siku kati ya Singapore na New York yenye kilomita 15,300 hivi, ndege inakaa angani zaidi ya saa kumi na nane bila kugusa chini. Tatizo ni abiria. Ndege ya namna hiyo inabeba watu zaidi ya mia, na ili safari ilipe lazima wajae mara kadhaa kwa wiki. Kwa Tanga na Toledo, hata ukiwachukua wanafunzi, ndugu na wajumbe wote wa undugu wa miji hii miwili, utajaza Coaster. Isitoshe, ndege kubwa za masafa ya mbali hazitui Tanga. Kwa hiyo safari inakatwa vipande: Tanga hadi Dar, Dar hadi mji mmoja mkubwa wa katikati, kutoka hapo hadi mji mkubwa ulio karibu na Toledo, ambao ni Detroit, halafu gari.

Na hapo katikati ndipo kilomita zinapoongezeka au kupungua bila mtu kuona. Dar hadi Amsterdam ni kilomita 7,345, Amsterdam hadi Detroit 6,320. Jumla 13,665. Ajabu ni kwamba Amsterdam, ambayo inaonekana iko juu sana, inaongeza kidogo tu juu ya uzi wetu. Istanbul nayo si mbaya: Dar hadi Istanbul 5,460, Istanbul hadi Detroit 8,500, jumla karibu 13,960. Lakini mtu akikata tiketi ya Dubai, Dar hadi Dubai ni 3,975, na Dubai hadi Chicago 11,640. Jumla 15,615, halafu bado arudi nyuma mashariki kutoka Chicago hadi Toledo. Karibu kilomita elfu mbili zaidi kuliko Amsterdam. Bei ya tiketi haizijali kilomita hizo. Mara nyingi safari ndefu ndiyo rahisi, na dada yangu, kama mama yeyote mwenye kulipa, aliangalia bei kwanza na ramani baadaye.

Addis Ababa ina kisa chake. Kwenye uzi imekaa vizuri, lakini uwanja wake wa Bole uko zaidi ya meta 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi: mabawa yanashika kidogo, injini zinapumua kidogo. Ndege iliyojaa watu na mafuta ya kuifikisha Marekani inakuwa nzito mno kuruka hapo. Ndiyo sababu safari za kutoka Addis kwenda Washington zimekuwa zikisimama njiani kuongeza mafuta, wakati zile za kurudi huja moja kwa moja, kwa kuwa Washington iko chini karibu na usawa wa bahari. Njia moja, ndege moja, muda tofauti kwenda na kurudi, na hatujaanza hata kuzungumzia upepo.

Pili, hata katika kipande kimoja ndege haishiki uzi. Mstari mnyofu wa Dar hadi Amsterdam unakata Sudan. Tangu vita vilipoanza huko Aprili 2023, mashirika ya ndege yanalikwepa anga la nchi hiyo na kuzunguka, na kila mzunguko ni dakika na mafuta. Tena ndege haifiki mwendo wa 900 palepale inapoinuka. Inapanda taratibu, na ikikaribia mji inapunguzwa, inapangwa foleni na wenzake, wakati mwingine inazungushwa juu mpaka iambiwe shuka. Na saa zilizoandikwa kwenye tiketi hazihesabiwi kutoka magurudumu yanapoacha ardhi. Zinaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa tena, pamoja na kule kujikokota kwenye lami kama daladala inayotafuta abiria. Gawanya 7,345 kwa 900 upate saa nane na dakika kumi. Tiketi ikasema tisa na nusu. Hakuna aliyekuibia.

Kaskazi ya angani

Huku kwetu hatuhitaji kufundishwa kwamba muda wa safari si umbali. Jahazi la kutoka Muscat lilikuja na kaskazi, kuanzia Desemba hivi, na halikurudi mpaka kusi ligeuke. Umbali wa kwenda ulikuwa sawa na wa kurudi. Nahodha aliyetaka kurudi Muscat mwezi wa Januari alikuwa na umbali uleule mbele yake, ila hakuwa na safari.

Angani kuna kitu cha jamii hiyo. Katika latitudo za Ulaya na Amerika Kaskazini, kwenye kimo kilekile ndege zinapopita, kilomita tisa hadi kumi na mbili juu, hupita mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki. Unatokana na tofauti ya joto kati ya nchi za joto na ncha ya dunia, ukipindishwa na mzunguko wa dunia yenyewe. Nguvu zake huzidi wakati wa baridi yao, tofauti ya joto inapokuwa kubwa, na unaweza kupita kasi ya kilomita 300 kwa saa. Tofauti na kaskazi yetu, huu haugeuki kufuata msimu. Kwenda Marekani ni kuupanda, kurudi ni kubebwa nao.

Ndege inayokimbia 900 katika hewa, hewa yenyewe ikirudi nyuma kwa 150, inasogea juu ya ardhi kwa 750 tu. Ikigeuka, inakwenda 1,050. Kwa hiyo Amsterdam hadi Detroit kwa kawaida inapita kurudi kwake kwa saa nzima hivi. Februari 2020 ndege ya abiria ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa nne na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua saa sita na ushei, kwa sababu dhoruba iliuongeza nguvu mkondo huo na ndege ikabebwa nao. Ndio maana njia za kuvuka Atlantiki ya kaskazini hupangwa upya kila siku: wanaokwenda mashariki wanatafutiwa penye upepo, wanaokwenda magharibi wanaepushwa nao. Wakati mwingine rubani huongeza kilomita kwa makusudi ili apunguze saa. Nahodha wa jahazi angemwelewa mara moja.

Barazani lilizuka dai la mtu mmoja, fundi wa redio, kwamba tofauti ya kwenda na kurudi inatokana na dunia kuzunguka. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, ndege inapaa, Marekani inasogea kuja kwake. Kwa hoja hiyo kwenda magharibi kungekuwa haraka, wakati ni kinyume. Lakini kosa lenyewe liko ndani zaidi. Ukiwa ndani ya basi, Segera limeshapita, ukarusha chungwa juu, litarudi mkononi mwako. Halitaangukia kiti cha nyuma. Chungwa lilikuwa na mwendo wa basi kabla hujalirusha, na hewa ya ndani pia. Dunia ndiyo basi. Ndege, upepo na mawingu vyote vimo ndani, vinazunguka pamoja nayo.

Saa ya tiketi na saa yetu

Tufike kwenye hesabu ya vidole. Mpwa wangu aliondoka saa sita kasoro dakika tano usiku, akafika saa tisa na dakika ishirini na tano alasiri ya pili yake. Kutoa ukapata saa kumi na tano na nusu ni halali kabisa, kama saa zote mbili zingekuwa ukutani mwa nyumba moja. Ya kwanza ni ya Dar, ya pili ni ya Detroit. Januari, Dar iko mbele ya Detroit kwa saa nane. Alipokuwa akishuka Detroit saa tisa na dakika ishirini na tano alasiri, Tanga ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano usiku wa Jumatatu hiyohiyo. Yaani zimepita saa ishirini na tatu na nusu. Tisa na nusu hadi Amsterdam, tano za kusubiri pale, tisa hadi Detroit. Saa nane zilizokosekana kwenye vidole zimefichwa katika tofauti ya majira.

Kurudi mambo yanageuka. Utaondoka Detroit Jumatatu jioni ufike Dar Jumanne usiku sana, au Jumatano alfajiri, ukaona kwenye karatasi siku mbili zimekatika. Hazikukatika. Saa nane ulizopewa wakati wa kwenda zinadaiwa.

Kwa sisi wa Kiswahili kuna fundo jingine juu ya hilo. Saa ya tiketi inaanza kuhesabu usiku wa manane, yetu inaanza alfajiri na jioni. Tiketi ikisema 14:00, toa sita, ni saa nane mchana. Hiyo watu wanaiweza. Hatari iko kwenye namba ndogo. Tiketi ikisema 02:15, jicho la Mswahili linaona saa mbili na robo, na akili inatafuta asubuhi au usiku wa mapema. Ni saa nane na robo usiku, watu wamelala. Namba zinazoanzia 00 hadi 06 zina kanuni yake: jumlisha sita, usitoe. Na hesabu yetu ina sababu ya kuwa ilivyo. Karibu na ikweta jua huchomoza wakati uleule mwaka mzima, kidogo mbele kidogo nyuma, kwa hiyo saa moja ni saa ya kwanza ya mchana na inaeleweka. Toledo haiwezi kuishi hivyo. Januari jua huko linachomoza karibu saa mbili asubuhi. Juni ni saa kumi na mbili. Mpwa wangu alituma picha ya kituo cha basi gizani, akaandika: saa moja na nusu asubuhi hii, mjomba.

Halafu kuna usiku wenyewe. Shangazi yangu aliwahi kukatiwa tiketi ya kwenda kwa binti yake, imeandikwa Jumatano 00:35. Akasomewa: Jumatano, saa sita na nusu usiku. Jumatano mchana akaaga majirani, akachinja kuku, usiku akapelekwa uwanjani na gari mbili za watu. Ndege ilikuwa imeondoka karibu saa ishirini na nne nyuma. Kwa hesabu ya tiketi siku inageuka usiku wa manane, kwa hiyo Jumatano 00:35 ni usiku ule ambao sisi siku hizi tunauita Jumanne usiku.

Ninachopenda katika kisa hicho ni kwamba bibi yangu asingekosea. Kwa wazee wa pwani usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaokuja baada ya jua la Alhamisi kuzama. Ungemwambia bibi ndege inaondoka usiku wa Jumatano, angefunga mizigo Jumanne, angefika saa tatu kabla, na angewalaumu vijana kwa kuchelewesha gari. Tulipoanza kusema "Jumatano usiku" kwa kufuata runinga ndipo tulipopotea. Redio bado zina msemo mzuri, "usiku wa kuamkia Jumatano". Kama unamkatia mzee tiketi, mwandikie hivyo kwenye karatasi, kwa herufi kubwa.

Mlango hadi mlango

Sasa mzee wa melini na siku zake mbili. Yeye hakuhesabu ndege. Alihesabu mtu.

Kwa mstari wa angani Tanga iko kama kilomita 200 tu kutoka uwanja wa ndege wa Dar. Kwa barabara ni 350, kwa sababu basi haliendi kusini moja kwa moja. Linatoka stendi ya Kange, Pongwe, Muheza, linaingia bara hadi Segera, ndipo linageuka kusini Mkata, Chalinze, halafu linarudi mashariki kuitafuta bahari tuliyoiacha nyuma. Ukiuweka uzi wa chungwa kwenye kipande hiki, safari imeongezeka robo tatu. Hakuna kipande cha njia nzima kilichopinda kiasi hicho, Atlantiki ikiwemo.

Aliondoka Kange Jumapili saa mbili asubuhi. Saa nane na nusu mchana alikuwa Dar. Akapumzika kwa ndugu, akaoga, saa mbili usiku akawa uwanjani, maana safari za nje wanataka uwahi kama saa tatu. Ndege. Amsterdam. Ndege. Detroit, foleni ya uhamiaji, kungoja mabegi, kisha gari la mwenyeji wake kusini hadi Toledo, karibu saa nzima. Alifungua mlango wa chumba chake saa kumi na mbili kasorobo jioni ya huko, ambayo Tanga ni saa nane kasorobo usiku wa kuamkia Jumanne. Kuanzia Kange ni saa arobaini na mbili kasorobo. Angani alikaa saa kumi na nane na nusu. Zilizobaki, zaidi ya nusu, ni basi, foleni, viti vya kusubiria na kuangalia mabegi.

Siku mbili kasoro kidogo, na mzee hakuwahi kupanda ndege maishani mwake.

Dada yangu amezoea. Wanaongea kila Jumapili saa tatu usiku yetu, saa saba mchana ya Toledo, mtoto akiwa ametoka kula. Ila nimemwonya kuhusu Machi. Jumapili ya pili ya mwezi huo Wamarekani husogeza saa zao mbele kwa saa moja, na hawazirudishi mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatusogezi kitu. Tofauti itashuka kutoka nane hadi saba, na saa saba mchana ya Toledo itakuwa saa mbili usiku ya Tanga.

"Saa mbili si taarifa ya habari?" aliuliza.

Ndiyo, nikamwambia.

"Basi mwambie yeye ndiye asogeze chakula."